Kivuli cha Ntundu, Saa Kumi

Jirani yangu Rehema aliniuliza mlangoni, mkoba ukiwa bado begani kwangu: "Umekileta?" Wengine mmeuliza kwa simu, na mmoja wenu, ambaye leo simtaji, ameshatangaza kwamba nilikamatwa na sungusungu, wale walinzi wa kijiji, huko Usukumani. Nimekileta. Na kukamatwa sikukamatwa, ingawa nilikaribia. Naandika ili nisimulie mara moja kwa wote. Habari za tiketi na za kuomba ruhusa kazini naziruka, maana hazina ladha hata kwangu.

Kwa asiyejua: baba yangu ni fundi cherehani hapa Dodoma, Msukuma aliyetoka kwao Mwanhulu, kijiji kilicho kati ya Kahama na Geita, akiwa kijana ambaye ndevu hazijaota. Hakurudi kuishi huko tena. Macho yake yana ule ugonjwa tunaouita presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima. La kulia limebaki kama chemli inayoishiwa mafuta: rangi zimemtoka, nyuso zimemtoka, anatofautisha tu penye mwanga na penye giza. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kiko njiani kwenda.

Siku hiyo tuliporudi kutoka kliniki, baba alikaa mbele ya cherehani ambayo haishoni tena, akaweka mkono juu ya gurudumu lake, akasema, "Minza, ningekiona Ntundu mara moja tu."

Ntundu ni kilima cha kwao. Tumekua tukikisikia kama watoto wengine wanavyosikia habari za mjomba aliyeko ng'ambo.

"Twende, baba," nikamwambia. "Ni safari ya basi tu."

"Nifike nisikione? Hapo nitakuwa nimekwenda kukizika. Wewe unachora. Nenda ukaniletee. Saa kumi, kivuli kinaposhuka kwenye majani. Usiniletee saa nyingine."

Mnajua nachora kwa rangi za maji, jioni, nikishachoka na maneno. Nilikuwa sijawahi kuchora kitu ambacho mtu alikuwa anakihitaji.

Kutoka Dodoma: pole za watu

Ubao wangu na karatasi zake nilivifunga kwa kitambaa cheusi cha baba, kile cha kushonea suruali, ili vumbi lisivifikie. Nikaviweka mapajani, bapa, nikavikumbatia. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama wa makamo mwenye baibui, mfanyabiashara wa mchele anayeishi Kahama. Anaitwa Mama Twalib. Tulikuwa hatujatoka hata nje ya mji aliponishika mkono.

"Pole sana, mwanangu."

"Asante. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo ni ya nani?"

"Ya baba."

"Inna lillahi. Aliumwa?"

"Anaumwa muda mrefu sasa. Macho."

Mama Twalib akanigeukia. "Macho nayo siku hizi yanaua?"

Kabla sijaelewa, kaka wa kiti cha mbele alikuwa amegeuka na kunipa pole, utingo alikuwa amepunguza muziki, na bibi mmoja nyuma alikuwa ameanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Wote walidhani nimebeba picha ya marehemu, ile ya kuwekwa mbele ya jeneza, naipeleka nyumbani mazikoni. Ilibidi nifungue kitambaa. Mama Twalib akavaa miwani, akatazama karatasi nyeupe kabisa.

"Picha iko wapi?"

"Sijaichora bado. Naenda kumchorea kilima. Baba yu hai."

Alicheka hadi miwani ikamdondoka. "Jamani! Tumelilia karatasi tupu! Bibi, acha kuimba, mtu ni mzima, yupo nyumbani anakunywa chai!" Basi zima likacheka, muziki ukarudishwa, na mimi nikacheka nao.

Lakini tulipoipita Singida, na yale mawe makubwa yaliyokaa uwandani kama ng'ombe waliolala, aliniinamia akasema taratibu, "Ila pole yangu usinirudishie. Iweke."

Nikaiweka.

Tinde: karatasi inayokauka upesi

Tinde ndipo barabara inapogawanyika: mkono wa kulia Shinyanga na Mwanza, wa kushoto Kahama. Basi letu likachagua kufia hapo. Rejeta ilikuwa inatoa mvuke kama sufuria ya makande, na fundi, tuliambiwa, yuko njiani. Yeyote aliyewahi kusafiri anajua njia hiyo ya mafundi ilivyo ndefu.

Tulikula kwa mama lishe mmoja kando ya barabara, wali wa Kahama unaonukia wenyewe, maharage, na kachumbari yenye pilipili ya kumfanya mtu aungame. Kisha nikakaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nikafungua rangi. Nilitaka kuuzoesha mkono. Mbele yangu palikuwa uwanda mtupu: mashamba ya pamba yaliyovunwa, ua wa minyaa, mbuyu mmoja mbali, na jua la saa saba limesimama utosini.

Niwaeleze kitu kimoja, maana mengine yote yanategemea hicho. Katika rangi za maji hakuna nyeupe ya kumwokoa mtu. Mwanga ni karatasi yenyewe. Ukitaka jua liwake juu ya jiwe, huliweki, unaliacha. Unazungushia kivuli, na pale ambapo hukupagusa ndipo jua linapotokea. Ukishapagusa, pamekwenda. Ukiogopa kupagusa, nako huna picha, una karatasi iliyopauka tu. Kazi nzima ni kujua kiasi: giza gani linatosha ili mwanga uonekane, na mwanga gani uachwe ili giza lisigeuke kuwa ukuta.

Pale Tinde sikujua kiasi. Joto lilikausha maji kabla brashi haijafika upande wa pili, nikaongeza, nikaongeza tena, nikafunika hata mahali nilipokusudia kuacha. Mama Twalib akaja na soda yake, akatazama juu ya bega langu, kisha akatazama mbingu isiyo na wingu.

"Mbona umechora mvua?"

"Ni jua, mama."

"Aa," akasema kwa upole wa mtu anayesifia chakula kilichoungua. "Basi Mungu atusaidie."

Niliikunja karatasi ile. Moyoni nilimwona baba akiishika mbele ya dirisha, akiigeuza huku na huku, akitafuta, halafu akisema imependeza.

Kahama: vilima vya jana

Fundi alifika, akapiga, akamimina, akatukana kidogo, tukaondoka. Tulipoingia Kahama jua lilikuwa linazama, na Mama Twalib akakataa kabisa nitafute nyumba ya wageni. "Nikuache, halafu nikimwambia mume wangu nilikaa na mtoto wa watu kutwa nzima, ataniuliza nilimtupa wapi?"

Nyumba yake imejaa magunia ya mchele hadi barazani. Alipika pilau, na asubuhi tukanywa chai ya tangawizi kwenye ua wa nyuma. Kutoka pale, upande wa Buzwagi, niliona vilima vya kijivu vilivyonyooka mgongoni kama vimepigwa rula.

"Vile si vilima," alisema. "Ni mawe ya mgodi. Nilipoletwa hapa kuolewa kutoka Tabora, upande ule ulikuwa wazi, unaona mbingu hadi chini. Wajukuu zangu wanadhani vimeumbwa pamoja na dunia."

"Unaikumbuka ile mbingu?"

"Naikumbuka, ila nikitaka kuiona, vilima vinasimama katikati." Akanimiminia chai tena. "Fanya haraka kwa baba yako. Mtu hukumbuka, lakini kukumbuka nako kunaota majani."

Sikumwambia hofu yangu. Nchi ile yote, kutoka Kahama kwenda juu hadi Geita, watu wanachimba. Mahali pengine wamejenga kilima pasipokuwa nacho. Je, kama mahali pengine wameondoa kilichokuwepo? Baba alikuwa anasubiri kitu ambacho hakuna mtu wa nyumbani kwetu Dodoma aliyekiona kwa miaka, na shangazi aliyeko huko niliogopa kumuuliza kwa simu.

Mchomoko hadi Mwanhulu

Kutoka Kahama unapanda mchomoko, gari dogo la watu watano linalobeba wanane na mbuzi. Nilikaa mbele na mzee mwenye jogoo. Dereva alikuwa anaongea mfululizo, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukigawa habari.

"Dada unakwenda kwenye rashi?"

Rashi ni pale dhahabu inaposemekana imeonekana, na watu wanamiminika kama nzige.

"Naenda kwa shangazi. Mwanhulu, chini ya Ntundu."

"Ntundu! Kile chenye mnara wa simu?"

Moyo ukaruka. "Kipo?"

Dereva akanigeukia, akaiacha barabara ijiongoze yenyewe. "Kilima kisiwepo kimekwenda wapi?"

Mzee wa jogoo alicheka hadi jogoo akawika.

Na kweli kilikuwepo. Kilichomoza upande wa kushoto, baada ya kona yenye mashine za kusaga mawe, kikiwa na bega moja pana na jiwe kubwa limekaa juu ya bega hilo, kama baba alivyosema. Mnara wa simu ulikuwa umechomekwa kileleni kama sindano kwenye mto wa fundi. Nilikitazama hadi shingo ikauma, nikatambua kwamba ninakitazama kwa haraka, kwa uchoyo, kama ninayeiba.

Bodaboda ilinimalizia njia. Shangazi Kabula, dada yake baba anayemfuata, alikuwa uani anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vinavyokaushwa kwa ajili ya kiangazi. Nikapiga magoti, nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila, ng'wanawane, mwanangu." Akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga. "Pua ya kwetu. Masikio ya kwa mama yako, Wagogo. Na maneno, nani alikufundisha, redio?" Kisha, bado kidevu kikiwa mkononi mwake: "Kaka anaona?"

"Mwanga na kivuli tu, shangazi."

Aliachia kidevu, akarudi kwenye michembe yake, akaanza kuipanga upya ilhali ilikuwa imeshapangwa.

Ndani ya ngitili

Saa kumi, upande ambao kivuli cha Ntundu kinashukia kuna ngitili. Nyinyi wa Dodoma niwaeleze: ni eneo ambalo kijiji kinalifunga mvua zinapoanza, hakuna ng'ombe wala panga linaloingia, majani na miti vikue vyenyewe. Hawapandi, hawamwagilii. Wanaacha. Kiangazi kikikaza na majani ya nje yakiisha, ndipo wanaifungua kwa siku inayopangwa, mifugo ikaponea humo. Mimi nilifika ikiwa bado imefungwa, majani ya rangi ya mkate yamesimama hadi kiunoni.

Shangazi alikwenda mwenyewe kwa kamanda wa sungusungu kuniombea. Alirudi na ruhusa yenye masharti: nipite njia moja ileile, nisiwashe moto, nisivunje hata kijiti cha kuchokonolea meno. "Nimesema wewe ni mtoto wangu," akaniambia. "Ukiharibu, nimeharibu mimi."

Nikaanza. Nilikwenda asubuhi kuzoea umbo, mchana kujifunza kosa langu la Tinde, na alasiri kwa kazi yenyewe. Lile jiwe la begani lilikuwa linatupa mstari wa kivuli ubavuni mwa kilima, na mstari huo ndio uliokuwa unaongoza: jua lilipoinama, uliteremka, ukapanuka, ukakutana na kivuli cha kilima chote, kisha vikaingia majanini pamoja, polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Baba alipokuwa mchungaji, hiyo ndiyo ilikuwa saa yao. Kivuli kikigusa majani, ng'ombe wanapelekwa kunywa.

Mara ya kwanza nilikifanya kilima cheusi mno. Mara ya pili, kwa kuogopa, nikakiacha kimepauka kama nguo iliyofuliwa kwa jiki. Jioni nilizisimamisha karatasi ukutani, shangazi akazitazama, akasema zote ni nzuri. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alichukua khanga yake kuukuu, ile iliyolika hadi inapitisha mwanga, akajifunika nayo usoni.

"Unafanya nini, shangazi?"

"Natazama na kaka."

Nami nikachukua upande wa pili, nikajifunika. Rangi zote zikatoweka. Ile ya kwanza ilikuwa doa jeusi. Ile ya pili haikuwa kitu. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili tuliofunikwa khanga moja, tukitafuta kilima kilichokuwa nje ya mlango wetu.

Kivuli kinachimbwa

Wakati huo watu walikuwa wananitazama na mimi sina habari. Alasiri moja wakaja vijana wawili kutoka maduarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, miguu myeupe kwa vumbi la mawe. Aliyekuwa anaongea aliitwa Masanja. Walisimama nje ya mpaka wa ngitili, wakaniomba niwaonyeshe ubao. Nikausogeza.

Masanja aliutazama kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kutazama kazi yangu. Akapitisha kidole hewani, juu ya ule mstari wa giza ulioanzia kwenye jiwe.

"Huu umelala hivi kweli?"

"Ndivyo ulivyo."

"Umeupima na nini?"

"Kwa macho tu. Ni kivuli."

Akamtazama mwenzake, wakatabasamu kwa adabu kubwa. "Sawa, dada. Kivuli."

Wachimbaji wa huko wamezoea kuona watu wa kampuni wakikaa mbele ya vilima na karatasi zenye rangi. Wamezoea pia kuambiwa uongo kuhusu wanachokifanya. Mstari mweusi unaoshuka kutoka kwenye jiwe, kwao, ni mwamba wenye dhahabu, na hakuna msomi aliyewahi kuwaambia ukweli mara ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata nilisikia sululu kabla sijafika. Walikuwa begani mwa Ntundu, si wawili tena, kundi zima, na wengine wanapanda na mifuko ya salfeti. Walikuwa wamechimba hasa pale mstari wangu ulipopita. Udongo wa juu ni mwekundu, lakini chini yake walikuta jiwe laini jeupe, na kifusi chake kilikuwa kinateremka ubavuni kama uji uliomwagika. Nilisimama na ubao wangu, nikihisi kwamba nimemwongoza mwizi hadi kitandani kwa baba.

Filimbi za sungusungu zikalia. Saa chache baadaye tulikuwa wote kwenye ofisi ya kijiji: wachimbaji upande mmoja, sungusungu na marungu yao upande mwingine, shangazi kwenye benchi la mbele, amenyooka kama aliyekwenda kubarikiwa.

"Binti," kamanda aliniuliza, "nani alikutuma kupima kilima?"

"Baba yangu."

"Ana leseni?"

"Ni fundi cherehani."

Watu wakacheka. Masanja akasimama. "Kamanda, sisi si watoto. Mtu hakai juani kutwa nzima anatazama kilima kwa mapenzi."

Shangazi hakugeuka hata kichwa. "Masanja, mkeo ulikaa juani kwetu miezi mingapi unamtazama? Ulikuwa unampima?"

Ofisi ikalipuka. Hata mwenzake Masanja alijificha uso. Lakini kicheko kilipokwisha, kamanda alikuwa bado ananitazama, na nilijua kwamba maneno matupu hayatamrudishia shangazi heshima yake, wala hayatazuia kundi lingine kuja kesho. Nikaomba nikalete karatasi zangu zote.

Nilizitandika sakafuni, kwa mfuatano. Ya asubuhi: mstari umelala kushoto kwa jiwe. Ya mchana: umejikunja chini yake kama mbwa. Ya alasiri: umeteremka hadi majanini. Jiwe ni lilelile, kilima ni kilekile.

Watu walichuchumaa. Masanja alizishika moja moja, akazipeleka mlangoni, akazilinganisha na Ntundu kilichokuwa kimesimama pale nje. Alichukua muda mrefu. Hatimaye akazirudisha sakafuni, kwa uangalifu, bila kukunja pembe.

"Mwamba hautembei," akasema. Akamgeukia mwenzake. "Ndugu yangu, tumechimba kivuli."

Hakuna aliyecheka sana safari hii. Walikuwa wamechoka, na kuchimba si mchezo.

Kamanda akatoa uamuzi. Aliyetoboa ataziba. Na mimi nina alasiri moja tu, baada ya hapo ubao nisiuonyeshe tena mbele ya Ntundu, maana kila mtu atakayeniona pale atakumbuka dhahabu.

Alasiri ya mwisho

Sikuwa na picha hata moja inayofaa kumpelekea baba. Nilikuwa na karatasi moja safi na kivuli kimoja.

Shangazi alikuja pamoja nami, akakaa nyuma yangu na khanga yake. Begani mwa kilima akina Masanja walikuwa wanarudisha udongo shimoni. Waliziba kweli, wakashindilia kwa miguu, lakini jiwe jeupe lilikuwa limeshatoka na halikukubali kurudi chini lote. Walipoondoka, palibaki doa. Kivuli kilipoanza kushuka, kilifunika kila kitu ubavuni, isipokuwa doa lile, ambalo liliendelea kung'aa katikati ya giza kama jino.

Nilichora bila kufikiri sana. Nilianza na mbingu, hafifu, kisha majani, kisha nikachovya brashi kwenye rangi nzito na kukishusha kivuli kwa mkupuo mmoja, kutoka kwenye jiwe hadi ngitilini. Nikafika kwenye doa. Nikalizunguka, nikapita.

"Umepaacha," shangazi akasema.

"Nimepaacha kwanza."

Akatazama kupitia khanga. "Kidonda kile ndicho kinachoonekana kuliko kilima. Kifunike, Minza. Kaka aliacha kilima kizima."

Alikuwa na haki. Karatasi ilikuwa bado na unyevu, pigo moja tu lingetosha. Nikajaza brashi. Halafu, ili nijue kitakuwaje, nikaweka kidole changu juu ya doa bila kuigusa karatasi, nikajifunika khanga.

Ntundu kikazima. Bega, jiwe, mteremko, vyote vikawa giza moja, kama lile la mara ya kwanza. Nikaondoa kidole. Kivuli kikawa kivuli tena. Kilikuwa na mahali pa kutokea na mahali pa kwenda, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja katikati yake ambacho hakikufunikwa.

Nikamwambia shangazi afanye vilevile kwa kidole chake. Alifunika, akafunua, akafunika tena. Mwisho akaivua khanga usoni, akaikunja mapajani, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Haya," akasema. "Lakini utamweleza mwenyewe tulichofanya pale. Mimi sina mdomo huo."

Brashi niliisafisha, maji nikayamwaga nje ya mpaka.

Dodoma

Njia ya kurudi haina hadithi. Nililala, nikaamka, kitambaa cheusi mapajani, na safari hii hakuna aliyenipa pole.

Baba alikuwa dirishani, amenyolewa, amevaa shati jeupe. Hakuniuliza habari za safari. Alinyoosha mikono yote miwili, nikaweka karatasi juu yake. Aliisogeza karibu na jicho la kulia, akaisukuma mbali, akaielekeza kwenye mwanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa yale maneno, imependeza, na sikujua kama ningeyastahimili.

"Kinashuka," akasema.

Kidole chake kikaanzia kwenye jiwe, kikafuata kivuli chini, bila kukosea, kikapumzika majanini. Kisha kikapanda tena, polepole, kikasimama kwenye doa jeupe. Nilikuwa nimeshayapanga maneno: sululu, karatasi yangu, kosa langu na lao.

"Na huyu bado yupo huku juu," baba akasema.

"Nani, baba?"

"Mtamba wetu mweupe. Ng'ombe mkaidi yule. Wenzake wote wanashuka kunywa, yeye anabaki palepale, anakutazama. Asubuhi niliyoondoka nyumbani nilimwacha hapohapo. Niligeuka barabarani, nikamwona." Jicho lake lilikuwa limekaza, halipepesi. "Sikuwahi kumwambia mtu."

"Baba, pale ni..."

"Ngoja." Akainua mkono kuninyamazisha, mkono wa mtu asiyetaka mnyama ashtuke. "Kivuli kimemzunguka kote. Hakijamgusa."

Akainama karibu zaidi, akakusanya midomo, na akapiga mluzi mdogo, wa chini, unaopanda mwishoni. Sijawahi kumsikia akiupiga mluzi ule katika maisha yangu yote. Alingoja kidogo, akaupiga tena. Nami nikayameza maneno yangu, nikamwacha amwite.